Bima ya safari iliyonikimbia Mlima Agung ulipoamka (nyota 1) na gesti ya Ubud iliyotusitiri (nyota 5)

Kila likizo zikikaribia lazima kuna mtu atanitumia meseji, eti bima ya safari ipi nzuri, si wewe ndo ulikwama Bali ile volkano ilipolipuka. Ndio nilikwama, na bima nilikuwa nayo, na haikunilipa hata senti moja. Sasa nimechoka kurudia stori ileile kwa kila mtu naiandika hapa mara moja tu, na iwe rivyu ya huduma tatu kwa mpigo, kampuni ya bima, shirika la ndege, na gesti tuliyolala Ubud, mji wa kisiwani Bali, Indonesia. Majina ya kampuni sitaji. Kipengele kilichoniumiza kimo kwenye karatasi za kampuni kibao, ukiikimbia hii utakikuta kinakusubiri kule.

Tuanze na mlima. Tiketi tulikata mwezi wa nane 2017 mimi na dada yangu, kwenda Bali Novemba kurudi mwisho wa Novemba, na wakati huo Mlima Agung, volkano ya kule Bali, ulikuwa kimya zaidi ya miaka hamsini. Mara ya mwisho ulilipuka 1963 na uliua watu zaidi ya elfu moja, kwa hiyo watu wa pale hawaufanyii utani. Septemba ukaanza kutetemeka, mitetemo mamia kwa siku, na tarehe 22 Septemba wakapandisha tahadhari mpaka ngazi ya nne, ambayo kwa Indonesia ndo ya mwisho, wanaiita Awas. Watu zaidi ya laki moja na elfu arobaini wakahama vijiji vyao. Picha zikawa kila mahali.

Mimi nikajiona mjanja, nikasema hapa sasa ndo pa kukata bima. Tarehe 12 Oktoba nikakata, tena kile kifurushi cha juu kabisa, kimeandikwa kwa herufi kubwa MAJANGA YA ASILI, na kwenye chati nikamuuliza kabisa yule wa huduma kwa wateja, na volkano je? Akanijibu, majanga ya asili yamo kwenye kifurushi hiki ndugu mteja. Hakunidanganya, sentensi tu ndo hakuimalizia.

Afu mwisho wa Oktoba, tarehe 29, wataalamu wakaishusha tahadhari ikarudi ngazi ya tatu. Mitetemo imepungua, magazeti yamehamia habari nyingine, sisi tukafunga mabegi.

Siku za mwanzo raha tupu, hayo sisimulii, picha mlishaziona. Tarehe 21 Novemba mlima ukatoa moshi kidogo, hatukujali. Wikiendi ile ikawa sio kidogo tena, na Jumatatu tarehe 27 tahadhari ikapanda tena mpaka juu kabisa na uwanja wa ndege wa Bali, Ngurah Rai, ukafungwa. Siku hiyo ya kwanza peke yake safari 445 zilifutwa na abiria kama elfu 59 wakabaki wanashangaa. Ndege yetu ilikuwa Jumanne.

Nataka muone asubuhi ile ilivyokuwa maana ndo kiini cha yote nitakayosema. Ubud kumetulia. Mvua ya usiku imekatika, Ibu mwenye gesti (Ibu ni kama kusema mama kwa kwao) anapanga vile visahani vya majani na maua mlangoni kama kila siku, watoto wanaenda shule na pikipiki. Simu yangu sasa, meseji thelathini na kitu, mama mdogo amepiga mara tisa analia, kaona kwenye tivii moshi umepanda kilomita tatu juu ya mlima na chini yake wameandika BALI kwa rangi nyekundu. Namwambia mama mdogo mimi hapa nakunywa chai, anasema unanificha tu mwanangu, washa kamera. Nikawasha. Akamuona Ibu na jogoo. Akatulia kidogo.

Eneo la hatari lililotangazwa lilikuwa kilomita nane mpaka kumi kutoka kwenye kreta, yaani mdomo wa mlima. Ubud ni zaidi ya kilomita thelathini, na uwanja wa ndege uko mbali kama kilomita sitini. Sasa kwanini ufungwe? Kwa sababu ndege na majivu haviendani kabisa. Yale sio majivu ya jikoni, ni vipande vidogo vya mawe na kioo, vikiingia kwenye injini vinayeyuka kwa joto la ndani afu vinaganda upya kwenye mapanga yanayozunguka mle ndani, injini inakosa pumzi. Na Indonesia wanalijua hili kuliko wote, maana Juni 1982 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilipita kwenye majivu ya volkano ya Galunggung kisiwani Java usiku, injini zote nne zikazima, wakateleza nayo hewani mpaka zikawaka tena wakatua Jakarta. Toka hapo hakuna anayebahatisha. Kuna kituo kipo Darwin, Australia, kinafuatilia majivu ya ukanda ule, kikisema upepo unapeleka majivu upande wa uwanja basi mchezo umeisha. Kwa hiyo siku ile upepo ndo uliofunga Bali. Upepo ungegeuka siku mbili mapema sisi tungeondoka zetu tunapiga picha za mlima dirishani.

SHIRIKA LA NDEGE, NYOTA 3. Ujumbe walituma mapema, hatukuhangaika kwenda uwanjani kulala sakafuni kama wale niliowaona kwenye picha. Wakatupa chaguo mbili, kurudishiwa hela au kubadilishiwa tarehe bure. Hapo safi. Tatizo kulala na kula ni juu yako, mambo ya asili hayo, shirika halihusiki. Na kisheria kwa njia yetu hawakuwa na kosa. Ungekuwa unatoka uwanja wa Ulaya hadithi ingekuwa nyingine, kule sheria yao ya 261 ya mwaka 2004 inalibana shirika likulishe na kukulaza hata kama chanzo ni volkano, fidia ya usumbufu ndo hupati. Baada ya ile volkano ya Iceland ya 2010 iliyofuta safari kama laki moja, mashirika yalijaribu kukwepa, mahakama ya Ulaya 2013 ikawaambia hapana, mnalisha. Kwa hiyo ukinunua tiketi angalia na unaruka kutoka wapi na kwa shirika la wapi, watu wengi tunaangalia bei na kilo za mzigo basi.

Serikali yao ilileta mabasi ya kupeleka watu bandarini Gilimanuk, unavuka na feri mpaka Java, afu barabara tena mpaka Surabaya ukapande ndege huko. Dada alitaka twende. Mpwa wake Ibu, dereva, akatuambia kwa foleni ile na mvua hesabuni siku nzima na usiku wake, na mkifika Surabaya mnaweza mkute watu elfu kumi mbele yenu. Tukabaki. Jumatano tarehe 29 alasiri uwanja ukafunguliwa, ila foleni ya waliokwama ni ndefu, sisi zamu yetu ikaangukia Jumamosi tarehe 2 Desemba. Siku nne za ziada ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

BIMA, NYOTA 1, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Nimerudi nyumbani nikakusanya kila kitu. Barua ya shirika la ndege inayosema kwanini safari ilifutwa na ikapangwa lini. Risiti za teksi, za chakula, za laini ya simu, kopi ya pasipoti yenye mihuri. Fomu yao kurasa kumi na moja, kuna swali wanauliza je ulichukua hatua gani kuzuia hasara, nikakaa pale nikajiuliza nilitakiwa niende nikauzibe mlima? Nikajaza, nikatuma. Wiki sita kimya. Napiga simu naambiwa faili lako liko kwenye hatua ya tathmini. Afu ikaja barua pepe ya mistari minne: tukio lilikuwa linajulikana kwa umma toka Septemba 2017, bima yako imekatwa baada ya hapo, kipengele fulani herufi fulani, madai yamekataliwa, asante kwa kutuchagua.

Ndo nikaenda kusoma vigezo na masharti kwa mara ya kwanza kwa utulivu, ukurasa wa thelathini na kitu. Kipo kweli. Kampuni ikishatangaza kwamba jambo fulani linajulikana, iwe kimbunga kimeshapewa jina, volkano imeshapandishiwa tahadhari, mgomo umeshatangazwa, basi bima zote zinazokatwa kuanzia siku hiyo jambo hilo halimo. Mengine yote yamo. Ukivunjika mguu Bali wanakulipa, ukiibiwa wanakulipa, begi likipotea wanakulipa, kitu kimoja tu kilichokufanya ukimbilie bima ndo hakimo.

Na nikiwa mkweli, naielewa hesabu yao. Huwezi kukata bima ya moto jikoni kunafuka moshi. Wakiruhusu hivo kila mtu atasubiri mpaka mlima ukohoe. Mimi ugomvi wangu na wao ni mambo mawili. La kwanza, wakati naikata, tarehe ile walikuwa wameshaitangaza kwenye tovuti yao, ila kwenye ukurasa wa matangazo ambao hakuna mnunuzi anapita, na mfumo ukaniuliza UNAENDA WAPI, nikajaza Indonesia, ukapokea hela yangu fasta bila hata kusema ndugu, Agung haimo. Kompyuta inayojua umri wangu na ugonjwa wa kifua nilioumwa utotoni inashindwaje kujua hilo? La pili, tahadhari ilishushwa tarehe 29 Oktoba. Nikaandika rufaa, nikasema mlima wenyewe uliambiwa umetulia, je mlirudisha bima? Wakajibu tarehe haibadiliki mpaka kampuni itangaze vinginevyo. Yaani mlima unaruhusiwa kubadili mawazo, kampuni hairuhusiwi.

Sasa kinachouma zaidi. Dada yangu. Huyu alikata bima Agosti siku ileile tuliyonunua tiketi, kampuni nyingine, kifurushi cha chini kabisa, cha wanafunzi sijui, mimi nikamcheka. Kalipwa. Wiki tatu tu, usafiri na gharama nyingine za siku zile kapata. Safari moja, chumba kimoja, ndege moja, yeye anasoma meseji ya benki mimi nasoma kipengele herufi fulani. Kwa hiyo mkiniuliza bima ipi nzuri jibu langu ndo hilo, angalia kwanza unakata lini. Siku unayolipia tiketi ndo siku ya kukata bima, hela ya bima inayosubiri mpaka "karibu na safari" ndo hela mbaya kuliko zote. Na kama umeshachelewa usiwaulize majanga ya asili yamo, swali hilo watalijibu ndio kila siku, waulize kwa jina, je Agung imo, je kimbunga hiki imo, na jibu walitume kwa maandishi. Nyingine, ukiogopa tu ukaamua usiende, wakati ndege zinaruka na hoteli iko wazi, bima za kawaida hazilipi woga. Kuna zile za kughairi kwa sababu yoyote, zipo, bei yake imechangamka na hata zenyewe hazirudishi zote.

Kitu kimoja dada hakulipwa, malazi ya zile siku za ziada. Hakuwa na risiti. Hakuwa na risiti kwa sababu Ibu alikataa hela. Ukiliwaza hilo unacheka afu unakaa kimya.

GESTI, NYOTA 5. Vyumba sita, ua katikati, hekalu dogo la familia kwenye kona. Jumanne jioni tulimfuata Ibu tukamwambia tutakaa zaidi tunaomba bei ya siku nne, akasema mlima sio kosa lenu. Tukabishana, akaleta daftari. Nilidhani anataka kuandika hesabu kumbe anataka kutuonyesha. Daftari la shule la mistari, kila ukurasa wiki moja, majina ya wageni kwa kalamu ya bluu na mistari ya kufuta kwa nyekundu. Toka wiki ya mwisho ya Septemba nyekundu tupu. Oktoba nzima majina mawili yamesalimika. Novemba sisi na mzee mmoja Mholanzi ambaye huwa anakuja kila mwaka na hasomi habari. Akasema vyumba viko wazi tu, mkilala msipolala shuka nafua.

Ila havikuwa wazi vyote. Viwili walikuwa wanalala ndugu zake kutoka Karangasem, wilaya ya mlimani, watu wazima watano na watoto, walihama toka Septemba, wakarudi kidogo tahadhari iliposhuka, wakahama tena. Mwanaume mmoja kati yao alikuwa analala hapo gesti, mchana anawaza ng'ombe zake. Kwa hiyo mwanamke huyu hana wageni, analisha ndugu, na bado anawaambia watalii wawili waliokwama mlima sio kosa lenu.

Hapo ndo nilipoelewa janga linavyokula utalii, na sio vile nilivyokuwa nafikiri. Nilidhani hasara ni hoteli kubomoka. Bali hoteli iliyobomoka siijui, Kuta, Sanur, Ubud zote zilikuwa zimesimama, majivu yaliangukia vijiji vya karibu na mlima na tope likashuka kwenye mito ya huko. Kilichobomoka ni daftari. Mtalii akiona neno Bali kwa rangi nyekundu haulizi kilomita ngapi, anafuta, na tovuti ya buking inamrudishia hela yake yote kwa kuwa ni dharura, vizuri kwake, hata mimi ningetaka hivo. Lakini ile hela inatoka mfukoni mwa Ibu. Mtalii ana bima, tovuti inachukua kamisheni yake kwa mwingine kesho, aliyebaki hana pa kudai ni mwenye vyumba sita, na mpwa wake dereva aliyekuwa anapeleka wageni hekalu la Besakih ambalo liko kwenye mteremko wa Agung wenyewe, na wale wa kupandisha watu mlimani. Wao hakuna fomu ya kurasa kumi na moja.

Na sio Bali tu. Nepal tetemeko la Aprili 2015 liliua karibu watu elfu tisa, lilikuwa baya hasa, lakini njia za matembezi za Annapurna zilitoka karibu salama, wahandisi wakaenda wakakagua wakasema pako sawa, na bado wageni wa nchi nzima wakashuka kutoka kama laki saba na tisini mwaka 2014 mpaka chini ya laki tano na nusu. Phuket kule Thailand baada ya tsunami ya Desemba 2004 hoteli nyingi zilikuwa zinaweza kupokea watu ndani ya wiki chache, wageni hawakuja. Iceland ndo walifanya kinyume, 2010 volkano imewafanya wachukiwe na Ulaya nzima, wakaingia na kampeni mwaka huohuo kuonyesha nchi yao inavyopendeza, na kutoka chini ya wageni laki tano mwaka ule wakafika zaidi ya milioni mbili 2017. Iceland lakini ni serikali yenye hela ya matangazo, Ibu ana daftari.

Nilikuja kusoma baadae kuhusu bima za aina nyingine ambazo hazihitaji kuthibitisha umebomokewa, kule Meksiko jimbo la Quintana Roo walikatia bima matumbawe yao, ile miamba hai ya baharini, upepo ukifika kasi fulani hela inatoka yenyewe, na kimbunga Delta kilipopita 2020 ililipa kweli, wapiga mbizi wakaenda kuunganisha matumbawe yaliyovunjika. Nikawaza mtu akatengeneze ya hivo kwa gesti: uwanja wa ndege ukifungwa zaidi ya siku moja, lipa. Hakuna fomu, hakuna tathmini. Hiyo ningeipa nyota tano hata kama sio yangu.

Siku ya kuondoka nilimwachia Ibu hela chini ya thermos, aliikuta kabla hatujafika getini akatukimbiza nayo barabarani, ikabidi dada aniokoe kwa kusema ni ya chakula cha watoto wa Karangasem, hapo akapokea. Akaniomba kitu kimoja, nikiandika maoni kwenye ile tovuti nisiandike mambo ya vitanda, niandike tu kwamba majivu hayakufika hapa. Niliandika usiku uleule uwanjani. Mlima uliendelea kutoa moshi hapa na pale mpaka 2019, Juni 2018 uwanja ukafungwa tena kwa muda mfupi, na safari hiyo Ibu aliniambia kwenye watsapu wageni waliofuta walikuwa wanne tu, wawili kati yao wakarudisha buking.

Na sasa kwa kuwa ni rivyu na sio barua ya shukrani, vitanda. Godoro la chumba namba tatu limebonyea upande wa ukutani, chagua namba tano. Maji ya moto yanachukua dakika kumi, fungua bomba afu kapige mswaki. Intaneti inashika ukikaa uani tu. Na yule jogoo, saa kumi alfajiri bila kukosa, volkano ipo haipo.